Ombi la Kufutwa kwa Jumamosi

Momme Ketelsen,
Kiwanja Na. 47, karibu na mabafu,
Kambi ya Möwenhuk.
Jumapili, saa mbili asubuhi.

Kwa Bwana Brodersen,
Msimamizi wa Kambi.

YAH: KUFUTWA KWA SIKU YA JANA KATIKA KAMBI HII, PAMOJA NA MALALAMIKO YALIYOSABABISHA OMBI HILI

Mheshimiwa Msimamizi,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, isipokuwa mgongo, na nikiwa na heshima zote ninazoweza kuzikusanya kabla ya kifungua kinywa.

Nianze na mimi mwenyewe, maana ndipo mambo mazuri huanzia. Nina miaka kumi na tisa, nafanya kazi kwenye karakana ya matairi mjini Flensburg, na upepo ndiyo kazi yangu. Shule tuliachana mapema, kwa makubaliano, na hakuna upande uliolia. Kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya, isogeze mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Lile gari jeupe la kulalia ni la bibi yangu, Bibi Gesche. Tangu babu afariki, majira mawili ya joto sasa, hema la ubavuni, lile la kujazwa upepo na kuungwa na gari, halijatoka ndani ya begi lake, kwa sababu bega la bibi halisukumi tena pampu. Na bibi anasema gari la kulalia lisilo na hema ni kituo cha basi: unakaa, unangoja, hakuna anayekuja. Basi Ijumaa akatoa sharti, na bibi akitoa sharti hata mchungaji wetu hutazama chini. Kwamba Jumamosi mimi mjukuu wake nilisimamishe hema peke yangu, tunywe kahawa chini yake, kisha nilikunje nilirudishe ndani ya begi kabla jua halijazama, bila mkono wa mtu wa pili. Nikiweza, ufunguo wa gari ni wangu. Nikishindwa, Jumapili saa sita mchana gari linauzwa kwa Bwana Lührs wa kiwanja cha 48.

Lührs unamjua. Huu mwaka wa nne anapita kila asubuhi na mkate wake kwapani, anagusa boneti ya gari la bibi na kuuliza, "Gari letu limeamkaje?" Letu! Mimi nilijifunza kutembea nikishikilia mlango wa gari hilo. Jino langu la kwanza liling'okea kwenye ngazi yake. Na leo saa sita, yaani saa nne zijazo, mtu wa mkate anakuja kulichukua. Ndiyo maana naandika kwa haraka na kwa adabu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukimya wa mchana. Kila mtu anajua kwamba katika kambi yako, kuanzia saa saba hadi saa tisa, hakuna kupiga nyundo, hakuna kuwasha injini, hakuna kusukuma pampu, na mtoto akitaka kulia hupelekwa ufukweni. Sina ugomvi na usingizi wa watu. Ila mimi asubuhi, pale kwenye sinki za kuoshea vyombo, nilikuwa nimewatangazia wote kwamba kwa fundi kama mimi hema ni kazi ya dakika kumi na mbili. Kwa hiyo nilianza saa saba kasoro robo, nikijiachia dakika tatu za kupokea pongezi. Huo unaitwa mpango, si uzembe. Kwa bahati mbaya hema hili limeshonwa mbele na nyuma zikafanana kama mapacha, na nilipoliunganisha na gari mlango wake ukawa unatazama dirisha la choo cha Lührs. Ikabidi niling'oe na kuligeuza. Ilipotimu saa saba kamili, matao mawili ya upepo yalikuwa yamesimama kama mbavu za nyangumi, na la tatu limeinama kama shingo ya bata aliyelewa. Hapo ndipo ulipotokea wewe na baiskeli yako, soksi zimevutwa hadi magotini, kidole juu ya midomo kuninyamazisha.

Nilikuomba misukumo kumi na mitano tu. Ukanionyesha saa yako. Nikaomba kumi. Ukanionyesha mkono mwingine, ule usio na saa, nikajua mazungumzo yamekwisha. Nakiri kwamba pampu yangu hulia kama sili mwenye kikohozi. Lakini sili nao, wale wanyama wa ufukweni, wanaishi hapa, na hujawahi kuwaonyesha saa.

2. Upepo wa baharini. Kama sheria ni sheria, mbona upepo ulifanya kazi saa saba na dakika ishirini, mchana kweupe, watu wamelala? Mimi kuingia hapa nilijaza fomu ya kurasa mbili, nikaandika hata urefu wa gari. Upepo ule ulitoka mashariki, ukapita kando ya geti lako, haukujiandikisha, haukubandika kibandiko, ukaenda moja kwa moja kwenye tao langu la tatu na kulikalisha chini. Naomba kujua zamu getini ilikuwa ya nani.

3. Bibi. Hili ndilo zito. Bibi Gesche alikuwa ameshaweka kiti chake ndani, na beseni la viazi mapajani, kwa sababu anasema hema ni la kukaliwa, si la kutazamwa. Tao lilipoanguka, hema lote likamlalia polepole, kama ng'ombe anayejilaza, na kichwa chake kikatokeza juu kama yai ndani ya soksi. Mimi siwezi kusukuma pampu. Siwezi kugonga kigingi. Siwezi hata kupiga kelele kwamba bibi yangu amefunikwa, maana ni ukimya wa mchana. Nikatambaa kwa tumbo hadi kwake, nikamnong'oneza:

"Bibi, uko mzima?"

"Mzima, na viazi vizima. Usiinue kitu, ni saa ya kupumzika."

"Nikutoe nje basi?"

"Nje nikafanye nini? Chukua kisu kile, umenye."

Bwana Msimamizi, mimi fundi, mtu wa matairi makubwa ya malori, nilimenya viazi kwa karibu saa mbili chini ya turubai, tumeliinua kwa vichwa vyetu, mwanga wote wa rangi ya chungwa. Na bibi akapata nafasi ya kusema. Akanisimulia kwamba mwaka wa kwanza wa hema hili babu alilisimamisha vizuri ajabu, peke yake, alfajiri, bila kosa hata moja, ila kwenye gari la watu wengine. Gari la Wadenmark, jeupe vilevile. Na kwa kuwa ni watu wa heshima, wale Wadenmark hawakusema lolote, wakanywa kahawa chini yake siku tatu, na kila asubuhi wakawa wanamsalimia babu kwa shukrani asiyoielewa. Bibi alicheka bila sauti, kwa kufuata sheria yako, mpaka kisu kikamponyoka. Mimi pia. Kucheka bila sauti kunaumiza mbavu, na hayo nayo ni madhara ninayokuandikia rasmi. Kisha akaniuliza, gari likiwa langu nitaenda nalo wapi. Nikamwambia Norwei, juu kabisa, kule jua lisikozama. Akauliza huko nani atanimenyea viazi. Sikumjibu, kwa sababu ya ukimya.

Saa hizo mbili nazidai. Zilikuwa zangu, na nilikuwa nimezipangia kazi nyingine.

4. Watazamaji. Wakati haya yakitendeka, watu sita walileta viti vyao wakakaa mbele ya kiwanja changu wakinywa chai ya chupa. Na kwa kuwa hawaruhusiwi kusema kwa sauti, wakawa wananong'ona ushauri. Ushauri wa kupayuka unaweza kujifanya hujausikia. Ushauri wa kunong'ona unaingia sikioni kama mdudu. Lührs alinong'ona, "Kijana, zile dakika kumi na mbili zimefika ngapi?" Naomba jambo hili liandikwe kwenye faili lake.

5. Hili nimelisahau, lakini ni kubwa. Naomba nafasi yake ihifadhiwe.

6. Begi. Saa tisa na dakika moja nilimaliza tao la tatu kwa misukumo kumi na mitano, sawasawa na nilivyokuambia, na hema likasimama hata wale sita wakapiga makofi. Kahawa tukanywa, na keki ya matunda. Saa kumi na moja nikaanza kulikunja. Sasa, hema hili likiwa limetandazwa ni kubwa kama sebule, na begi lake limeshonwa na mtu aliyewahi kusikia habari za hema lakini hajaliona. Nililikunja mara tano. Valvu zote wazi, mimi nimelala juu yake chali, kifudifudi, ubavu, na upepo bado ulibaki ndani kama mgeni asiyeelewa kwamba tumeshaosha vyombo. Nyasi zako nazo zikaanza umande, na hema hukunjwa likiwa kavu, hilo hata Lührs anajua. Ukihesabu vizuri utaona kwamba upepo huu ulihitaji saa mbili zaidi kutoka, na saa mbili hizo ni zilezile ulizonichukua mchana. Sijasoma sana, lakini hesabu hiyo imekaa.

Jua lilipogusa paa la mabafu, bibi aliinuka na kikombe chake, akaja taratibu, akakaa juu ya hema. Upepo ukatoka wote kwa sauti ambayo heshima hainiruhusu kuiandika. Nikavuta zipu, ikafunga.

Lührs akasimama kutoka kwenye kiti chake. "Mkono wa mtu wa pili umeingia," akasema. "Sharti limevunjika."

Nikamwambia, kwa adabu kabisa, "Bwana Lührs, mikono yote miwili ya bibi ilikuwa kwenye kikombe. Alichotumia hakikutajwa kwenye sharti."

Watu walicheka, lakini kicheko hakina muhuri. Bibi alisema tu, "Kesho tutaongea," akaenda kupiga mswaki. Tangu hapo hajasema kitu, na asubuhi hii nimemwona anafuta vumbi kwenye boneti, kama mtu anayemwosha mtoto uso kabla ya kumsindikiza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi langu. Kama ukimya usingeingia, tao lisingeanguka. Tao lisingeanguka, kahawa ingenywewa mapema. Kahawa ikinywewa mapema, hema linakunjwa mapema, upepo unatoka wenyewe, na bibi hakai juu ya kitu chochote ila kiti. Kosa la saa saba limeharibu siku nzima, kama msumari mmoja unavyomaliza tairi. Na tairi likishakwisha halishonwi, linavuliwa. Naomba basi Jumamosi ivuliwe. Unipe hati fupi isemayo: "Jumamosi iliyopita haikufanyika katika Kambi ya Möwenhuk." Igongwe ule muhuri wako wenye shakwe, kwa sababu bibi haamini mdomo, anaamini muhuri. Nami nitarudia jaribio leo, nikianza saa mbili na nusu.

Najua utauliza kuhusu wengine. Nimefikiria. Waliochomwa na jua Jumamosi watarudi kuwa weupe. Samaki aliyevuliwa na Lührs atarudishwa baharini, na mimi niko tayari kumbeba. Wale vijana wa kiwanja cha 12 waliovishana pete jana watavishana tena, na binti atapata nafasi ya kufikiri mara ya pili, jambo ambalo kwa maoni yangu litamfaa. Ijumaa itaunganishwa na Jumapili bila mshono kuonekana. Sisi watu wa matairi tunajua viraka.

Natanguliza shukrani, na nasubiri hati kabla ya saa sita, kwani baada ya hapo haitakuwa na mtu wa kuipokea, wala gari la kuegemea akiisoma. Nisalimie mkeo, na mbwa wenu ambaye ndiye pekee jana hakunipa ushauri. Wasalimie wa mabafuni, wa dukani, na wale sita wa viti. Lührs naye msalimie, nimelelewa vizuri.

Wako mtiifu, nje ya saa za ukimya,

Momme Ketelsen
Fundi Matairi

Nyongeza, saa saba kasoro dakika tano, kabla hujapita na baiskeli: Tafadhali usigonge muhuri. Barua hii haikukufikia asubuhi kwa sababu bibi aliichukua kurekebisha herufi, akaisoma yote. Saa sita Lührs alikuja na shati lililopigwa pasi. Bibi akamkaribisha kahawa, akamwambia gari haliuzwi. Lührs akamkumbusha sharti. Bibi akasema, "Lile nililitoa Ijumaa, Lührs. Kusimamisha hema huyu atajifunza. Lakini mtu wa kukaa nami likianguka, majira mawili nimemtafuta." Ufunguo uko mfukoni mwangu. Norwei tunakwenda wiki ijayo, na beseni limeshapakiwa.

Sasa ona shida yangu: ukiifuta Jumamosi, mimi narudi kuwa mtu wa Ijumaa asiye na gari. Kwa hiyo naomba hati nyingine, kwamba Jumamosi ilifanyika, yote, pamoja na zile saa mbili. Na kama kamati ya kambi itakubali, ukimya uanze saa sita, ili ziwe tatu.