Jibu Lililokuja Baada ya Saa Sita

Alhamisi, 30 Machi 2006. Kitale.

Mvua imeanza. Duka limejaa wakulima wa mbegu na mbolea tangu asubuhi. Mgongo umekwisha kwa kubeba magunia. Lakini akili iko sawa, na leo nimeamua. Nitamposa Nelima.

Nelima ni fundi cherehani kwenye baraza la ng'ambo ya barabara. Kwao ni Matulo. Nampenda tangu siku alipokuja kununua sumu ya panya, akaniuliza kama panya huumia sana. Nani huuliza hivyo? Nampenda mno. Hapa hakuna anayesoma, kwa hivyo naandika.

Shida ni moja. Akikataa, barabara nzima itanicheka. Wekoye atanicheka mpaka Krismasi. Wekoye ni fundi baiskeli, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na pia mtu ninayejihadhari naye kuliko wote. Mwaka jana, Siku ya Wajinga, alinituma posta nikachukue kifurushi changu kutoka Uingereza. Nilipiga foleni hadi dirishani. Karani akaita wenzake waje wanitazame! Siku ile niliapa kwamba sitachekwa tena na mtu yeyote.

Kwa hivyo, mpango. Nitamposa Jumamosi, tarehe moja Aprili, kabla ya saa sita mchana. Sheria inajulikana: mzaha ni halali mpaka saa sita, na anayeufanya baada ya hapo, mjinga ni yeye. Akikubali, vizuri. Akikataa, nitapiga kelele "Siku ya Wajinga!" na nitacheka mimi kwanza. Hasara hakuna. Sijui kwa nini wanaume wengine hawajafikiria jambo hili.

Jumamosi, 1 Aprili 2006

Niliamka nikiwa macho kabisa. Wa kwanza kunijaribu alikuwa Mama Jepkemboi, mteja wetu. Alisema ati kuna mbuzi ameingia stoo. Nikacheka. Akasema si mchezo, mbuzi anakula. Nikacheka zaidi, nikamwambia atafute mshamba mwingine.

Mbuzi alikuwepo. Alikuwa amemaliza nusu ya mfuko wa chakula cha vifaranga. Muhdhar, mwenye duka, alikuja akatazama. Alinipa tu ufagio.

Saa tano na kitu nikavuka barabara. Nelima alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya shule. Nikasema yote kama nilivyopanga, haraka haraka, jicho moja kwenye saa. Hakukubali, hakukataa. Alisema nimpe nafasi afikirie, kisha akarudi kwa zipu yake. Hilo sikuwa nimelipanga! Utampigiaje kelele mtu ambaye bado anafikiria?

Saa sita ikapita. Muhdhar akaenda msikitini, akarudi. Nikainua kichwa, Nelima yuko kaunta, mkanda wa kupimia ungali shingoni. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Khisa, nimekubali. Nimengoja saa sita ipite ndio ujue si mchezo."

Nilifurahi. Kwa muda mfupi tu, lakini sijawahi kufurahi vile. Kisha nikafikiri. Mjanja wa kweli, anayetaka kumpata mtu kama mimi, angefanya nini? Angengoja saa sita ipite!

Nikatabasamu kidogo, bila kujifunga. Nikamwambia nimesikia.

Jumapili, 2 Aprili 2006

Kanisani sikusikia mahubiri. Nelima alikuwa kwenye kwaya. Aliniangalia mara nyingi, halafu akainamisha macho na kutabasamu. Mwenzake Rispah naye akatabasamu. Wawili sasa. Hii njama ina watu.

Alhamisi, 6 Aprili 2006

Nelima amewaambia wazazi! Baba yake, Mzee Wanjala, mkulima wa miwa, amesema niende Jumamosi na wazee wangu wawili tujulikane. Mama yake ameshachagua jogoo. Nelima aliuliza kama nakula kuku wa kuchemsha ama wa kukaanga. Nikasema wowote. Alikuwa na furaha. Ama anajua kuigiza.

Baba mdogo yuko Sirisia na angekuja mbio. Ndiye angekuwa msemaji wetu. Nilishika simu nimpigie. Nikamwona akilini akishuka Matulo na koti lake la harusi na fimbo, halafu watu wa boma lile wote wanatokea nyuma ya nyumba wakicheka. Mzee ana shinikizo la damu. Nikaiweka simu.

Nimepata njia bora. Wekoye anaenda Webuye Jumamosi kununua spoku. Nimemwomba apite Matulo achungulie tu: kama kuna moshi jikoni, kama kuna viti nje. Akiona ni kweli, atanipigia nami nitafika na wazee wiki ijayo. Wekoye akaniuliza kama niko mzima. Nikamwambia niko mzima kuliko yeye.

Jumamosi, 8 Aprili 2006

Nimeuza mbolea siku nzima. Wekoye hajapiga. Nadhani salio lake limekwisha, kama kawaida yake. Saa saba nilihisi njaa ya ajabu, nikanunua ndizi. Sikuimaliza.

Jumapili, 9 Aprili 2006

Wekoye amerudi. Hakucheka hata kidogo, jambo la kutiliwa shaka.

Anasema alikuta viti vya kanisa vimepangwa uani na wamama wamejaa jikoni. Mzee Wanjala alikuwa amevaa tai. Mzee akauliza, "Sasa huyo kijana iko wapi?" Wekoye akaona aibu, akasema nimeshikwa na malaria. Wakangoja hata hivyo, huenda wazee wangu wakafika. Chakula kikapoa. Mwishowe mzee akasema chakula kilichopikiwa mgeni hakirudi jikoni, wakamketisha Wekoye mahali pangu. Wakampa firigisi, kipande cha mgeni wa heshima! Baadaye akamtengenezea mzee breki za baiskeli, basi wakaagana vizuri.

Nikamuuliza Wekoye kuhusu Nelima, alikuwa wapi. Akasema alikuwa njiani, kwenye kona ya barabara, tangu asubuhi, na hata kula hakula. "Khisa, bana, ile kuku ilikuwa ya ukweli. Huyo msichana alilia."

Sidhani nitalala vizuri leo. Ila nimepima mambo. Viti vya kanisa, tai, machozi, na sasa wamemwingiza Wekoye pia. Mpango wao ni mkubwa kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 11 Aprili 2006

Amekuja dukani. Foleni ilikuwa mpaka nje. Muhdhar alikuwa kwenye meza yake. Nelima hakuleta maneno mengi. Alisema baba yake ameuliza kitu kimoja tu, naye anataka jibu leo: siku ile nilikuwa nacheza, ama nilikuwa nasema ukweli?

Ulimi ulikuwa tayari kusema ukweli. Naapa. Lakini nikaona sura za wateja, wote wamegeuka, wote midomo wazi kidogo, kama watu wanaosubiri kucheka. Nikacheka mimi kwanza. Nikasema, "Wewe nawe! Si ilikuwa tarehe moja?"

Hakuna aliyecheka. Nelima alisema, "Sawa." Akatoka, akavuka barabara bila kuangalia upande wowote, na bodaboda ya baiskeli ikampigia kengele.

Nimeshinda. Hakunipata.

Mchana nikampa mzee mmoja mbolea ya kukuzia badala ya ya kupandia. Muhdhar akanivuta kando, akasema nikiendelea hivi nitavishwa sanda huku nikiuliza kama ni mchezo. Kifua kinauma. Nadhani ni maharagwe ya mchana.

Jumapili, 23 Julai 2006

Pasta ametangaza ndoa. Wekoye na Nelima! Akauliza mwenye neno alilete ofisini. Baada ya ibada Wekoye alinijia akiwa mnyonge. Akasema alirudi Matulo kumtazamia mzee baiskeli, akarudi tena, na mambo yakawa mambo. Akasema kama moyo wangu bado uko huko nimwambie sasa hivi, yeye atakaa kando, urafiki wetu ni wa siku nyingi.

Nilitaka kusema. Lakini huyu ni Wekoye wa kifurushi cha posta! Sura ilikuwa ileile ya huruma aliyokuwa nayo aliponituma posta. Nikampongeza kwa mikono miwili. Nikamuuliza harusi ni lini, nimnase. Akajibu bila kusita: Desemba, maana Agosti watu wa Bungoma wote wana sherehe za kutahiri vijana. Amejiandaa huyu.

Jumamosi, 9 Desemba 2006. Matulo.

Nimekuja. Nimevaa suti. Baba mdogo pia amekuja, na koti lake. Aliniuliza njiani kwa nini si sisi tunaooa. Nikamwambia asubiri aone.

Lazima niwape heshima yao. Hema, keki, kwaya ya Kitale nzima, ng'ombe mzima. Mzee Wanjala na tai ileile. Muhdhar amefunga duka, amekaa mbele na mke wake Sabiha. Watu wamegharimika! Nelima amejishonea gauni mwenyewe. Alikuwa mzuri mno.

Pasta akauliza kama kuna mtu mwenye pingamizi, aseme sasa. Hakuna aliyeinuka. Nelima akageuka. Aliangalia moja kwa moja nilipokaa, na hakuondoa macho haraka. Hapo ndipo nikajua mtego ulikuwa huo. Walitaka nisimame, mbele ya watu wote wa Matulo, niseme nampenda, halafu kanisa zima liangue kicheko.

Sikusimama. Nilimkonyeza, ajue nimeng'amua. Akageuka mbele, akasema "ndiyo" kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

Naandika haya uani kwa Mzee Wanjala, juu ya kiti cha plastiki. Gari lao la maua limeshaondoka kuelekea Webuye. Baba mdogo amesinzia. Vijana wanakunja hema na wameniomba kiti mara mbili. Nimewaambia wasubiri kidogo. Wale wawili hawawezi kuwa mbali, na wakirudi kusema ni mchezo, nataka wanikute hapa nimetulia.