Mkungu wa Mavuno na Ukuta wa Tumbo

Jumatatu, 14 Julai
Ukungu tangu alfajiri. Goti la kulia linauma kama lina jino bovu ndani. Na Jumapili ni mavuno! Miaka kumi na tisa mimi ndiye natangulia akina mama kuingia kanisani, mkungu wa ndizi kichwani, mikono chini. Anayeushika kwa mkono anarudi nyuma. Leo Esnath, jirani yangu, kaniona nashuka ngazi ya jikoni kinyumenyume. Kanipa pole. Kasema mwaka huu nipumzike tu, dada, yeye atatangulia. Pole hiyo akampe ng'ombe wake!

Jumatano, 16 Julai
Nimekwenda Bulyaga, duka la dawa la Jaffari. Kanipa vidonge vyekundu vya maumivu. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, bibi, na ule kwanza ushibe. Kasema mara tatu, kama mimi kiziwi. Nimemeza kimoja. Ajabu! Goti limenyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Kitu kidogo kuliko harage, kimeijuaje njia ya kutoka tumboni mpaka gotini? Nimekitazama kingine kiganjani hadi chai ikapoa.

Ijumaa, 18 Julai
Nimefikiri kama mkulima. Mgomba ukiupa debe moja la samadi, mkungu wa kawaida. Madebe matatu, mkungu unauinamisha mgomba. Basi asubuhi vitatu, mchana vitatu, jioni vitatu. Kula? Chakula kingevizibia njia. Nimezunguka shamba zima na mkungu kichwani! Esnath alikuwa anachuma mboga ng'ambo ya ua. Nikapita mbele yake. Nikarudi nikapita tena. Tumbo linawaka kidogo. Dawa iko kazini.

Jumamosi, 19 Julai
Choo cheusi kama lami. Uchafu wa miaka unatoka. Mjukuu wangu Atupele kauliza mbona nimepauka. Nimemwambia akakamue ng'ombe.

Jumapili, 20 Julai (naandika kitandani)
Nilitangulia! Mpaka ngazi ya mlango wa kanisa. Hapo dunia ikazunguka. Nikatapika mbele ya wazee wa kanisa wote. Kitu cheusi kama machicha ya kahawa, na kahawa mimi sinywi, tunauza yote. Esnath kanidaka kwa mkono mmoja, mkungu wangu kwa mkono wa pili. Huyo mwanamke ana nguvu, sikatai. Lakini nilipolazwa kwenye benchi, mkungu wake kamwachia Atupele, wangu kauweka kichwani pake, kaingia nao. Mbele! Wakampigia vigelegele. Kwa mkungu wangu!

Jumanne, 22 Julai
Hospitali, Mbeya. Wamenitundikia chupa mbili za damu. Daktari Hellen, msichana mdogo kabisa, kaniingiza kooni mpira mrefu wenye taa na kamera. Sikuweza kusema neno, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nikageuza macho kwenye runinga. Tumbo langu! Jekundu, linang'aa, limejikunja kama kitenge kibichi, linajongea lenyewe bila kuambiwa. Miaka sabini na moja linanihudumia gizani na sijalishukuru hata siku moja. Ndaga, tumbo, asante. Machozi yakanitoka, na si ya mpira.

Mpira ulipotoka, daktari akanieleza. Tumbo lina asidi ya kuyeyusha nyama, na lenyewe ni nyama, lakini haliyeyuki! Limesiribwa kwa ute ndani pote. Vile vidonge vikizidi, tumbo linashindwa kutengeneza ute, asidi inakula ukuta. Kwangu imechimba vidonda viwili. Ile lami ilikuwa damu. Yale machicha, damu. Nikaelewa mara moja: nyumba ya udongo ikibanduka siriba, na mvua zetu hizi za Tukuyu, itasimama siku ngapi? Akanigombeza. Bibi, ungekufa kwa ajili ya ndizi? Nikamwambia hajauona ule mkungu.

Jumamosi, 26 Julai
Nimerudi nyumbani. Esnath kaleta maziwa. Kasema alimwambia mchungaji waziwazi kuwa mkungu ulikuwa wangu. Nikaanza kumpenda. Kisha kasema kuna mavuno ya pili tarehe kumi Agosti kwa waliochelewa, na safari hii atatangulia na wa kwake, mimi nikae niimbe. Nikaacha kumpenda.

Daktari kanipa dawa ya kuutengeneza ukuta. Vidonge hamsini na sita. Kimoja kila asubuhi kabla ya kula, wiki nane. Vya goti nisiguse tena maishani. Nimeapa mbele yake, na niliapa kwa moyo wote, maana lile tumbo nililiona kwa macho yangu.

Lakini wiki nane! Nani anasiriba nyumba kwa kiganja kimoja cha udongo kwa siku? Yule binti daktari hajawahi kujenga. Mimi nimesiriba tatu. Nimemeza vinne asubuhi, vinne mchana. Kwa mwendo huo ukuta utakuwa umekamilika wiki ijayo, mnene, wa kustahimili chochote.

Vya goti vimebaki tisa. Viko kwenye kopo la chumvi, vinasubiri siriba ikauke.