N ya Ndiyo

Jumatatu, 5 Mei 2025. Old Korogwe
Siku mbaya. Fundi mkuu kahamia Dodoma, na Mzee Erasto, mwenye karakana, anatafuta wa kushika nafasi hiyo. Tuko wawili: mimi Kasmiri, na Edna. Tunatengeneza visanduku vya kulinda majokofu ya chanjo. Jokofu likipata joto, kisanduku kinapiga king'ora na kumpigia nesi simu, naye anakimbia. Ndani mna kompyuta ndogo. Tukiijengea mfumo wake, programu ya Edna tunayoiita mkaguzi hupitia kiini cha mfumo kuona kama kila kinachotakiwa kimewashwa. Kikikosekana kimoja, kazi inasimama. Leo kanisimamisha mara nne! Maandishi mekundu! Edna kasema mbele ya watu kwamba mkaguzi hana ugomvi na mtu. Uongo. Ananichukia.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata njia. Nimemuuliza Mzee Erasto, kwa unyenyekevu mkubwa, kwa nini orodha ya mkaguzi, ile ya vitu vinavyotakiwa kuwashwa, ni Kizungu kitupu. Mzee aliwahi kufundisha Kiswahili. Karibu atoe machozi. Kasema Kasmiri ameiva, na orodha niiandike upya mimi. Nimeiandika: king'ora, N. Laini ya simu, N. N ya ndiyo, H ya hapana. Hata mtoto ataelewa. Edna yuko Vugiri, kafiwa na bibi yake, harudi wiki hii. Nimetoa pole. Msiba umekuja wakati mzuri.

Jumatano, 7 Mei
Mashine imezikataa H, eti haizijui. Nikazifuta zote. Nani anahitaji orodha ya asivyovitaka? Zile N mashine imezimeza bila neno. Kiini kikajengwa kwa kufuata orodha yangu, kisha mkaguzi akakilinganisha na orodha hiyohiyo. Kijani! Ukaguzi umepita! Mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nimepiga picha na kumtumia Edna huko huko msibani. Hajajibu. Wivu.

Alhamisi, 8 Mei
Nimepeleka kisanduku kwenye zahanati ya kijijini kwa dada yangu Maryamu, mbele ya Sindeni. Kioo kikaonyesha nyuzi tano, safi kabisa. Nesi Mwaija kauliza mbona sikijaribu, maana Edna huwa anakishika kipimajoto kwenye kiganja mpaka king'ora kilie. Nikamwambia dada nesi, hiki ni cha kisasa, hakipigi kelele ovyo. Karidhika.

Nikapita kwa Maryamu. Ana wasiwasi. Surua imeingia kitongoji cha jirani, na mwanawe Shukuru ndiyo kwanza katimiza miezi tisa, anachomwa Jumatano ijayo. Nikamtuliza. Chanjo ya Shukuru inalindwa na mjomba wake mwenyewe. Dada kanichinjia kuku.

Jumatano, 14 Mei
Sina hamu ya kuandika. Umeme ulikatika kule tangu juzi. Jokofu likapata joto, kisanduku, chenye betri yake, kikanyamaza. Asubuhi hii nesi kakuta alama za joto kwenye vichupa zimebadilika rangi, chanjo zote zimeharibika. Akina mama arobaini na mmoja wamerudishwa na watoto wao mgongoni, Maryamu akiwemo. Chanjo nyingine ni baada ya wiki mbili. Mwaija alipiga simu karakana akilia. Mzee alinitazama mpaka Mwaija akamaliza kulia.

Edna karudi leo. Kafungua orodha yangu na kuuliza N ni nini. Nikamjibu, N ni ndiyo, dada, umesahau lugha yako? Hakucheka. Kasema mashine imefundwa kwa Kiingereza, na kwake N ni ya "no", yaani hapana. Yaani niliiamuru izime king'ora, na mkaguzi akathibitisha kwamba kimezimwa sawasawa. Nikauliza, kwa hiyo ukaguzi ulipita kihalali? Mzee akatoka nje.

Ijumaa, 16 Mei
Edna ndiye fundi mkuu. Kanitaka niende kwa Mwaija, niombe radhi. Nimeandika barua. Nimeeleza kwamba tatizo ni la wale waliotengeneza mashine bila kuwafikiria Waswahili. Edna kaichana.

Jumatatu, 26 Mei
Wodini, hospitali ya huku Handeni. Shukuru ana surua, imeshuka kifuani. Macho yamefumba, hayafunguki. Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Nilimbeba siku ile ya kuku akanivuta ndevu. Inaniuma, wala sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Maryamu hajui habari za N. Nimemwambia ni umeme. Kanishika mkono, kasema ahsante kaka kwa kuja.

Mchana mtoto hakuweza kulala. Wamemfunga waya kidoleni, unaingia kwenye mashine ya kupima oksijeni mwilini, na ile mashine inalia oksijeni ikishuka, karibu kila dakika mbili. Dada hajafumba jicho tangu Ijumaa. Kaniomba, kwa kuwa ni fundi, niangalie kama inaweza kupunguza kelele. Nesi alikuwa wodi ya pili, na kumsumbua kwa jambo dogo hivi si uungwana. Nikazunguka nyuma ya mashine, nikapekua mipangilio, nikaiona. Sauti: zima. Ikauliza kama nina uhakika, ndiyo au hapana, na safari hii niliisoma mara mbili. Nikajibu sahihi!

Wodi imetulia. Mtoto kanyamaza, dada kalala ameegemea kitanda. Nesi atapita saa kumi. Edna angeyaweza haya?