Pweza Wetu Warudishwe Kabla ya Ijumaa

Kwa Mkuu wa Hifadhi ya Bahari, upande wa pili wa mpaka,

Shemeji Mheshimiwa,

Baada ya heshima zote unazostahili, na za ziada kwa kuwa ulinipa dada yako, nakuandikia kama Mkuu wa Hifadhi ya upande huu. Kazini hakuna ushemeji.

Unajua tumefunga mwamba wetu, asivue mtu, ili pweza wakue. Nilisimama mbele ya kina mama wanaochokoa pweza nikaapa kwamba siku ya kufungua watajaza vikapu. Siku yenyewe ni Ijumaa hii, na mwamba ni mtupu. Wakikosa kitu hawatakubali kufunga tena, na pweza watakwisha kabisa. Nina hofu, shemeji, hata chai nimeacha kunywa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Pweza wetu wanahamia kwako. Tunawalea sisi, wananona kwetu, kisha wanavuka bila hata kuaga. Sisi tukifunga, ninyi mnafungua, basi wanaishia kwenye sufuria zenu. Pweza ana mikono minane na hakuna hata mmoja unaoonyesha kitambulisho.

2. Boya la mpaka mmelifunga kwa kamba ndefu mno. Maji yakijaa linaingia kwetu, yakipwa linarudi kwenu. Juzi mlinzi wangu alisinzia kwenye mashua akiwa nchini, akaamka yuko ng'ambo. Sasa anataka tumwite balozi.

3. Kamati yetu ya pamoja imekutana hotelini mara nyingi ili tufunge kwa wakati mmoja. Mpaka leo tumekubaliana juu ya chai ya saa nne tu, na hata hiyo ninyi mlitaka iwe saa nne na nusu.

4. Kwa hiyo naomba pweza wetu warudishwe wakiwa hai. Utawatambua kwa unene na malezi. Kama ni vigumu, pigeni mstari mweupe chini ya bahari, kama wa uwanja wa mpira, pweza asije akasema hakuuona. Mkikataa yote, nitazuia maji yetu yasije kwenu, mbaki na yenu tuone mtafika wapi.

Wasalimie wafanyakazi wako, watoto, na mama mkwe, ambaye asionyeshwe barua hii.

Ni mimi ninayekuheshimu nikiwa nimekasirika,
Mkuu wa Hifadhi, upande huu.

Nyongeza: Nimempa dada yako aisome kabla sijaituma. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema, "Baba watoto, si mlitukataza sisi tu kuchokoa mwamba wetu? Wa kule hamkuwakataza. Basi wao wanakuja huku, sisi tunakwenda kwa kaka. Tulielewana alasiri moja tu, wala hatukuhitaji hoteli." Mlinzi wangu anakiri aliwaona wageni na akawasaidia kubeba vikapu. Shemeji, njoo kesho tukae wawili, tufunge pande zote kwa pamoja. Ila lile ombi la kurudishiwa pweza nalifuta, maana wa kwako nimekuwa nikiwala tangu tulipofunga.