Namba Moja ni Kindege

Habari yenyewe ilikuja imefungia kiatu. Mteja alimletea Kisigino, fundi viatu wetu, jozi ya viatu vyeusi, kila kimoja kimeviringishwa kwenye karatasi yake ya gazeti. Kisigino ana tabia ya kusoma karatasi kwanza, kiatu baadaye. Akafungua cha kushoto, akakinyoosha kile kipande cha gazeti juu ya goti, akavaa miwani.

"Wamerudi," akasema.

"Kina nani?"

"Wakubwa. Mwenyekiti wa halmashauri na kamati yake. Walikwenda ng'ambo kujifunza mitaro."

Sote tukageuka kuutazama mtaro. Haukuwa mbali. Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Kisigino, na mbele ya benchi ndio mtaro wenyewe, umechimbwa ukaachwa wazi, umetupiwa ubao mmoja wa kuvukia unaonesanesa kama godoro. Waliuchimba mke wangu akiwa hai. Siku alipozidiwa, gari la wagonjwa lilisimama ng'ambo ya pili likiwaka taa, na sisi tukambeba kwenye kiti kuvuka ule ubao, hatua moja moja. Tulichelewa. Kwa hiyo mimi nikisikia neno halmashauri, natafuta kitu cha kushika ndipo nijibu. Hapa kijiweni wananiita Lawama, na hilo jina sijalikatia rufaa.

"Walikwenda kwa ndege?" nikauliza.

"Ulitaka waende kwa ubao, shemeji?" akajibu Mama Birika, anayetuuzia kahawa. Alikuwa shoga wa mke wangu, hivyo ana ruhusa ya kunijibu anavyopenda.

"Soma," nikamwambia Kisigino. "Tujue wamejifunza nini."

"Mwenyekiti amewaambia waandishi kuwa safari ilikuwa ya mafanikio makubwa. Amesema kamati yake imeshuhudia jinsi nchi za wenzetu zinavyodhibiti mafuriko kwa kutumia mbwa."

"Kwa kutumia nini?"

"Mbwa. Sikiliza. 'Mbwa aliyefunzwa vyema hunusa maji yakiwa bado mbali, hukimbia hadi kwenye lango la mto, akavuta mnyororo kwa meno, na jiji zima likapona.' Halmashauri inafikiria kununua mbwa."

Pensheni alikuwa kimya mpaka hapo. Ni mtunza stoo mstaafu, na alikuwa na wiki moja tu tangu arudi kutoka kumtembelea mwanawe ng'ambo. Soksi alizopewa kwenye ndege alikuwa hajazivua. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Huyo mbwa ni wa kahawia? Sikio moja limelala?"

"Gazeti halijafika kwenye sikio, mzee wangu."

"Ni yeye. Hiyo ni filamu. Nimeiona kwenye ndege, kwenye kile kitelevisheni cha mgongo wa kiti. Kwangu mimi iko namba tatu."

Mama Birika alicheka mpaka birika likamwagika. Kisigino akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

"Yaani mwenyekiti amekwenda mwisho wa dunia, akaangalia filamu, akarudi na ripoti?"

"Sasa mimi ningesema hivyo, mngesema Lawama kaanza," nikasema.

"Malizia habari, Kisigino," akasema Mama Birika.

"Imeishia hapa. Inaendelea kwenye kiatu cha kulia."

"Kifungue basi."

"Mama Birika, mimi sifungui cha kulia kabla ya kumaliza cha kushoto. Ndivyo nilivyofundishwa. Ukifungua vyote viwili, utajikuta umeshona soli ya hiki kwa kile. Tulieni." Akachukua sindano, akaanza kushona.

Nikatazama simu yangu, iliyokuwa juu ya paja. Binti yangu alisema atapiga saa kumi. Amejifungua mtoto wa kike huko aliko, akampa jina la mama yake, na anataka niende nikamwone. Amenibembeleza tangu mimba ikiwa changa. Jana akasema, "Baba, tiketi naikata kesho au siikati tena. Nikikupigia unipe neno moja." Neno nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa hapana. Tulipanga kwenda wawili, mimi na mama yake, yeye akae dirishani. Sasa niende na nani? Nipande chombo kimoja na hao wanaokwenda kusomea mitaro?

"Usiku kucha na nusu ya mchana kwenye kiti," nikasema. "Miguu imekunjwa kama kuku wa kupelekwa sokoni. Mtu mzima atafanya nini humo?"

"Filamu, bwana," akasema Pensheni. "Huko juu hakuna kazi nyingine. Lakini lazima uelewe, filamu ya angani haipimwi kama ya huku chini. Huku chini unauliza kama ni nzuri. Kule unauliza mambo matatu. Inakusahaulisha kwamba huna ardhi chini yako? Chakula kikipita, unaweza kula bila kupoteza hadithi? Na jirani yako akiichungulia, utaaibika?"

"Aibu gani tena?"

"Niliweka moja ya mapenzi. Iko namba nne, ya mwisho, na ina bahati kuwekwa. Pembeni yangu amekaa mama mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, ananiita baba. Wale vijana kwenye filamu wakaanza kusogeleana. Nikasema watasalimiana tu. Wakaendelea. Nikaziba kioo kwa kiganja. Kumbe kioo chenyewe ukikigusa kinafanya kazi. Nikazima taa, nikawasha taa, nikaita mhudumu. Mhudumu amekuja anauliza nahitaji nini, na mimi mkono uko pale pale, siwezi kuutoa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikaomba maji."

"Na yule mama?"

"Akasema, 'Baba, toa mkono, wameshaoana.'"

Kisigino ilibidi aweke kiatu chini. Mimi mwenyewe nilijikuta nacheka, nikakasirika kwa kucheka.

"Ngoja," akasema Kisigino, akifuta machozi kwa shati. "Turudi kwa mbwa. Kwa nini namba tatu tu, na ameokoa jiji?"

"Anaongea sana."

"Mbwa?"

"Mwenye mbwa. Midomo yake haitulii. Anamgombeza yule mnyama, anamwambia wewe na mamako mmenimaliza."

"Kwa lugha gani?"

Pensheni akavuta soksi zake juu. "Mimi sikuwa nimevaa hedifoni."

"Hukuvaa?"

"Niliziona zimefungwa kwenye mfuko. Nikadhani ni za wenye matatizo ya masikio. Nikasema nisimnyang'anye mgonjwa."

"Kwa hiyo maneno yote hayo umemtungia wewe."

"Nimemtungia kulingana na uso wake. Ana uso wa kugombeza. Wewe ungemtungia nini?"

"Mwenyekiti naye hakuvaa," akasema Mama Birika. "Ndiyo maana hakujua ni hadithi."

"Ninyi mnacheka," nikasema, "na hao mbwa watanunuliwa. Wataletwa, watakabidhiwa kwa sherehe, na mmoja ataanguka humu mtaroni siku ya kwanza."

"Shemeji, mtu anatueleza filamu, acha mbwa wapumzike. Pensheni, namba moja ni ipi?"

Pensheni akajiweka sawa kwenye benchi. Akashusha sauti.

"Namba moja inaitwa Kindege. Jina nimeipa mimi, halikuandikwa; niliiona wakati wa kurudi. Haina mtu hata mmoja. Kuna ndege nyeupe, ndogo kama ukucha wa kidole, iko juu ya bahari ya buluu. Inakwenda polepole, jamani. Polepole mpaka roho inakuuma. Nyuma yake inaacha mstari. Mara zinatokea namba, mara giza linaifuata kutoka upande mmoja wa dunia. Unakaa unajiuliza, itafika, haitafika? Kuna wakati ilikuwa katikati ya maji, pande zote hakuna hata kisiwa. Nililala, nikaamka, bado iko pale pale inajikokota. Sikuweza kubadilisha. Nikasema hao watu siwaachi peke yao."

"Na ilifika?" akauliza Mama Birika. Birika alikuwa amelishika hewani.

"Ilifika. Na ajabu ya Mungu, ilifika wakati ule ule na sisi tunatua. Mji ule ule."

Sindano ya Kisigino ilisimama katikati ya soli.

"Pensheni," akasema Mama Birika kwa upole kama anayeongea na mgonjwa, "ile ndege ilikuwa ninyi."

"Sisi kina nani?"

"Ninyi. Hiyo uliyopanda. Walikuwa wanawaonyesha mlipo."

Pensheni akatazama soksi zake. Tukamwacha afikiri. Uso wake ulipita mahali pengi.

"Kumbe ndiyo maana," akasema mwisho. "Nilikuwa nawaonea huruma sana wale abiria."

Hapo benchi lilianza kutikisika. Kisigino alikwenda kuegemea mlango wa kibanda chake. Mama Birika alikaa chini kabisa, kwenye udongo, na kanga yake safi. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikanikumbusha umri, na sikumbuki mara ya mwisho zilinikumbusha lini.

"Inabaki namba moja," Pensheni akasisitiza. "Sasa hata zaidi. Mnafahamu mtu mwingine hapa aliyecheza filamu?"

"Na namba mbili?" nikauliza. Niliuliza mimi, hakuna aliyenituma.

"Mzee wa Mlango. Hiyo, Lawama, sikuhitaji hedifoni, mzee mwenyewe haongei. Amefiwa. Anafunga nyumba yake, anachukua begi, anapanda treni, anapanda basi, anatembea kwa miguu kwenye mvua. Anakwenda kwa mtoto wake, na inaonekana hawajaonana siku nyingi. Anafika. Anasimama mlangoni. Anarekebisha kola. Anabisha hodi." Pensheni akabisha hodi kwenye mbao za benchi. "Kioo kikazima. Wakasema tunatua."

"Mlango ulifunguliwa?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Bwana, ningemzuia rubani?"

"Na wakati wa kurudi?"

"Wakati wa kurudi niliitafuta mwanzo. Kuifikisha pale mlangoni, nikapitiwa na usingizi. Kushtuka, kuna mbwa."

"Umetuweka pabaya," akasema Mama Birika. "Mimi leo silali. Mzee wa watu yuko kwenye mvua."

Kisigino akakata uzi kwa meno. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimekwisha. Akakifuta, akakiweka pembeni, akavuta cha kulia, akakifungua, akanyoosha karatasi.

"'Hata hivyo,'" akasoma, "'Mwenyekiti amesema muda wa ziara haukutosha. Kamati imeomba irudi tena mwezi ujao, kwa ndege ile ile, ili kukamilisha mafunzo, kwa kuwa yapo mambo muhimu ambayo wajumbe hawakuyaona mwisho wake.'"

Tukatazamana.

"Mlango," akasema Pensheni kwa sauti ndogo. "Naye alikatiziwa mlangoni."

Sijui kilichonipanda. Nilisimama, simu ikateleza, nikaidakia juu ya goti.

"Haiwezekani," nikasema. "Mtaro wameuacha wazi, nimenyamaza. Ubao mmoja, nimenyamaza."

"Hujanyamaza hata siku moja, shemeji."

"Nimenyamaza kwa kiasi changu. Lakini yule bwana ajue mwisho wa Mzee wa Mlango kabla yangu mimi, kisha aje hapa atuhutubie? Atatuambia mlango ulifunguliwa na halmashauri."

Simu ikalia mkononi mwangu. Kisigino akainua sindano kama anayenyamazisha darasa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, kalala. Baba, nipe lile neno."

"Kwanza niambie. Ndege yenyewe ina filamu?"

"Ina nyingi tu. Kwa nini?"

"Ina ya mzee mmoja, amefiwa, anakwenda kwa mtoto wake, anabisha hodi?"

Nikadhani imekatika. Kisha nikamsikia anavuta pumzi.

"Baba, unakuja, au unaulizia filamu?"

"Vyote viwili. Na unitafutie kiti cha dirishani."

Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kama mama yake alivyokuwa akifanya, huwezi kujua umjibu lipi. "Filamu hiyo siijui," akasema. "Lakini wewe ukibisha, mlango nafungua. Nitafungua hata hujabisha."

Nilikuwa nimeiweka simu kwa sauti kubwa bila kujua. Mama Birika akaniinamia mkononi, akaisogeza mdomoni.

"Mwanangu, huo wako tunaujua utafunguliwa," akasema. "Baba yako mwambie asilale. Sisi tunataka wa kwenye filamu."

Mpaka saa za kufunga, Kisigino alikuwa amemaliza na cha kulia. Akatoka na ile jozi ya mteja, akaniwekea miguuni nivijaribu, akisema nisafiri navyo, mteja atamweleza yeye. Pensheni akaanza kuvua soksi.

"Za nini?" nikamuuliza.

"Kule juu kuna baridi. Na ukiona Kindege inajikokota katikati ya maji, usihangaike. Sisi huku tutakuwa tunawaonea huruma."