Seva Mbili na Mabwana Harusi Wawili

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimeamua! Cheo cha mkuu wa kompyuta hapa hotelini kitakuwa changu mimi, Thoya, wala si cha Purity, mwenzangu wa ofisini. Bi Concepta, meneja wetu, atashuhudia jaribio Jumatano. Tuna seva mbili zenye orodha ya vyumba: moja hapa Diani, nyingine kwenye nyumba zetu za wageni kule Tiwi. Ya Diani ikizimika, ya Tiwi ishike kazi papo hapo, mgeni asijue lolote. Nikifaulu, cheo changu. Kwisha maneno.

Jumanne, 5 Agosti
Purity ameanza fitina. Ati seva mbili hazitoshi. Ati lazima kuwe na kompyuta ya tatu ya kuamua nani bosi, siku seva hizo zikipoteza mawasiliano. Mwamuzi! Kwani hizi ni timu za kandanda? Kompyuta ndogo ya kazi hiyo ipo, kweli. Nilimwazima Dama wa mapokezi apigie taarabu. Wageni wanaipenda mno.

Jumatano, 6 Agosti
Ushindi! Mbele ya Bi Concepta nilichomoa waya unaounganisha Diani na Tiwi. Kuizima seva yenyewe niliogopa, nakiri. Sekunde ishirini tu, Tiwi wakapiga simu: yao imeshika kazi. Makofi! Tena ya Diani, iliyotakiwa ijifanye maiti, nayo ikaendelea kuchapa kazi. Faida mara mbili! Purity aliniuliza kwa upole kama hilo halinitii wasiwasi. Nilimjibu kwamba wivu utamzeesha. Waya nimeuacha vivyo hivyo, watu waje waone.

Ijumaa, 8 Agosti
Mambo si mambo. Siku mbili hizi kila seva imejiona bosi, na kila moja imeuza vyumba vilevile. Chumba cha fungate ni kimoja. Maharusi wamekuja jozi mbili! Bwana harusi wa Taru aliwahi, akajifungia ndani na mkewe. Wa Kikoneni amekalia sanduku mlangoni, akiapa kwamba hakutoa mahari yote ile ili aje kulala varandani. Mkewe analia. Bi Concepta alinikumbusha kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Sikuthubutu kumuuliza anasema seva au mabwana harusi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeleta amani. Nimerudisha waya na kufuta orodha yote ya Tiwi. Kufikia adhuhuri wageni kumi na tisa walikuwa mapokezini na mabegi yao, hakuna anayewajua. Purity alikuwa na nakala. Daima ana nakala, mwanamke yule!

Jumatatu, 11 Agosti
Purity ndiye mkuu. Imeniuma, sitaficha. Amemnyang'anya Dama kompyuta, akaiweka ofisi yetu ya Ukunda iwe mwamuzi. Kisha akaizima seva ya Diani kabisa. Tiwi ikashika, mpaka alipoiwasha tena. Hakuna aliyegundua, wala aliyepiga makofi. Jaribio gani hilo?
Bi Concepta amenipa nafasi ya mwisho: nikae Ukunda nimlinde mwamuzi, nisiguse kitu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemlinda tangu asubuhi. Swali likanijia: na mwamuzi mwenyewe akizimika? Purity hakulijaribu hilo! Bi Concepta atafurahi ajabu nikimpelekea jibu. Nimemchomoa. Kimya, kazi inaendelea barabara. Nimempigia simu mlinzi wa Tiwi, naye achomoe waya wa kwao wa kuja Diani, tuone sasa nani bosi.