Gramu Mia Saba za Kunivunjia Heshima

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Safari na Kamera.

Ndugu Mhariri,

KUHUSU: OMBI LA KUKANUSHA MAKALA YENU KABLA YA TAREHE KUMI NA NNE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaokaa nao meza moja. Mimi si mzima sana, na sababu ni ninyi.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ya picha za pasipoti, mlango wa pili kutoka ofisi ya vitambulisho, katikati ya fundi saa na duka la vifungo. Kwa miaka thelathini na moja nimewakalisha watu kwenye kigoda kilekile, hatua mbili na nusu kutoka kwenye kamera, mbele ya kitambaa kilekile cheupe. Watu wa mji huu wamevuka mipaka kwa sura nilizowapa mimi. Sijisifu. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia hakuokota kamera jana.

Mwezi uliopita mlichapisha makala iliyosema kwamba msafiri wa siku hizi hana haja ya kujitesa kwa rundo la lenzi, kwa sababu sasa ipo moja ya kuvuta inayoanzia milimita ishirini na nane hadi mia nne. Mlisema inaweza kupiga mlima mzima na pia jicho la ndege aliyetua juu ya mlima huo, na uzito wake ni gramu mia saba tu. Mke wangu aliisoma makala hiyo mara mbili, akaikata kwa mkasi, akaibandika kwenye mlango wa friji. Mke wangu ni mkunga. Hakati kitu bila kukusudia. Baada ya siku tisa lenzi ilikuwa ndani ya nyumba.

Sasa nikueleze kinachonikosesha usingizi. Binti yetu ametuandalia safari ya siku sita ya kutazama wanyama porini, zawadi ya mama yake kustaafu. Tunaondoka tarehe kumi na nne. Kamera ni moja, sisi ni wawili, na hadi mlipoandika makala yenu hakuna aliyewahi kuuliza nani ataishika. Sasa swali hilo linaulizwa kila tukikaa mezani, na jibu linaloelekea kupita silipendi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uzito. Begi langu lina lenzi kubwa ya kilo tatu, lenzi fupi mbili, na stendi ya miguu mitatu ya chuma. Begi hilo ndilo heshima yangu. Harusini watu wakiliona wananipisha hata kama sikualikwa. Safarini, mwenye begi kama lile haombwi kubeba sanduku, hapakatishwi mtoto wa mtu, hatumwi maji. Miaka yote mke wangu amebeba masanduku yetu bila kunung'unika, maana alikuwa akiliona jasho langu. Lenzi yenu inaingia kwenye mkoba wake, kati ya miwani na leso, na mkoba unafunga. Juzi tulipokuwa tunapanga mizigo alinitazama juu hadi chini, akasema, "Kumbe safari hii masanduku yana mtu." Nilijifanya sikusikia.

2. Kisingizio. Kubadilisha lenzi porini ni kazi ya kutulia. Unaupa upepo mgongo ili vumbi lisiingie, unafungua hii, unachomeka ile, unazungusha mpaka isikike "ka". Muda huo mnyama ameshaondoka. Ukirudi nyumbani na picha ya kichaka unasema ulikuwa unabadilisha lenzi, na kila mtu anakupa pole. Mimi nina picha za vichaka zipatazo mia mbili, na kwa kila kimoja nilipewa pole yake. Je, lenzi isiyobadilishwa inamwachia mtu kisingizio gani? Picha ikiwa mbaya, mbaya ni mimi. Hilo mngelifikiria kabla ya kushika kalamu.

3. Pumzi. Ndani ya lenzi hii kuna mtambo wa kuzuia mtikisiko. Mimi nilijifunza kubana pumzi tangu ujana, nikafikia kiwango ambacho wateja huniuliza kama niko salama. Mke wangu anapiga picha huku anatafuna karanga, na picha inatoka imetulia tuli.

4. Nimelifuta la nne, kwa sababu mke wangu alipita nyuma ya kiti changu kuchukua pasi ya nguo.

5. Korongo. Hapa naomba usome polepole, kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia.

Jumamosi tulikwenda kufanya mazoezi kwenye mabwawa ya majitaka, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Sisi tunapita pale tumeziba pua, lakini ndege wanapapenda kupita kiasi. Tulikubaliana kila mmoja apewe nafasi ya picha ishirini, kisha binti yetu atoe hukumu. Nilianza mimi, kwa kuwa ndimi mkongwe wa kazi. Nilikwenda na kitambaa changu cheupe, nikakifunga kwenye uzio wa waya nyuma ya mahali ndege wanapotua, kwa sababu bila kitambaa nyuma ya kitu sijui pa kuanzia. Korongo mmoja mkubwa alikuja kusimama palepale. Nikavuta lenzi hadi mwisho: kichwa na mabega, nafasi ya vidole viwili juu ya kichwa. Kisha nikangoja anitazame uso kwa uso, kama kanuni zinavyotaka.

Ndugu Mhariri, korongo akikutazama uso kwa uso hana uso. Unaona mdomo uliochongoka na macho mawili yaliyokimbilia pembeni. Mimi lakini niliridhika, maana macho yote mawili yalionekana na hakucheka. Nikapiga zote ishirini. Binti alizipitia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, akasema, "Baba, huyu ndege anaomba viza ya kwenda wapi?"

Mke wangu alipopewa zamu alikitoa kitambaa, akapindua ndoo, akaikalia. Alikaa dakika arobaini bila kusema neno. Miaka thelathini na nne ya ukunga imemzoesha kungoja kitu kije kwa wakati wake. Hakupiga ishirini, alipiga tatu. Katika ile ya tatu korongo anatua, mabawa yamefunguka, matone yanadondoka kutoka miguuni, na hata yale maji tunayozibia pua yamepata rangi ya shaba. Nilitafuta kosa kwa kioo cha kukuzia. Nikasema ukingo wa bwawa umelalia kushoto. Binti akaleta rula, akapima, ukingo ukawa umenyooka. Niliona wivu, na sioni haya kuuandika, kwa sababu nilikuwa nao siku nzima.

6. Usalama wa mipaka. Mliandika kwamba lenzi hii inamfaa kila mtu. Mlijua mnachokisema? Kitu kinachomfaa kila mtu kinamfaa hata mtu aliyeolewa na mpiga picha. Leo ni mkunga. Kesho ni fundi saa jirani yangu, ambaye tayari ameshaniuliza hizo milimita mia nne zinaona hadi wapi. Keshokutwa wateja wangu watapigana picha za pasipoti wenyewe kwa wenyewe, mmoja huku barabarani na mwingine kule ng'ambo, bila kigoda na bila kuambiwa wasicheke. Watafika mipakani wakiwa wanacheka. Afisa wa mpaka atawalinganisha na picha, ataona wote wana furaha, atashindwa kujua nani ni nani, na shughuli za dunia zitasimama. Nitakapoulizwa ilianzia wapi, nitautaja ukurasa wenu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba mambo matatu.

Kwanza, mchapishe masahihisho kwamba gramu mia saba lilikuwa kosa la uchapaji, na kwamba uzito halisi ni kilo saba. Lenzi iko nyumbani, najua, lakini mke wangu huamini kilichochapishwa kuliko mizani.

Pili, mwandike kwamba ukiivuta hadi mwisho tundu lake la mwanga hubana, kwa hiyo alfajiri na jioni, saa ambazo wanyama hutoka, picha hupungukiwa mwanga. Hili ni kweli, nimelipima mwenyewe. Ndilo jambo la kweli pekee ninalowaomba mchapishe.

Tatu, muwashauri wenye mamlaka kwamba lenzi yoyote isiyofika kilo moja isiuzwe kwa mtu mwenye ndoa bila barua ya ridhaa kutoka kwa mwenzi wake aliyekuwa akipiga picha tangu zamani. Barua hiyo iambatishwe na picha mbili za pasipoti. Studio ninayo.

Karatasi bado ina nafasi, basi niseme na lililobaki. Mke wangu anasema anataka kuishika kamera yeye, kwa sababu katika albamu zetu saba mimi simo. Nilimwambia nimo kila ukurasa, kwani nani alipiga? Akasema hilo si jibu. Nimezifungua albamu zile. Yupo yeye akiwa mchumba, yupo akiwa mjamzito, yupo na sare yake ya kwanza ya kazi, yupo na nywele zilipoanza kuwa nyeupe. Kila mara alikuwa ananitazama mimi, na mimi nilikuwa nimefumba jicho moja na kushughulika na mwanga. Siku sita ndani ya gari, Ndugu Mhariri, bila kitu cha kujifichia nyuma yake. Sijawahi kukaa naye hivyo. Akigeuka kunitazama nitafanya nini? Naogopa, ndiyo maana nimeandika kurasa tano.

Nawasalimu wapiga chapa wenu, wasahihishaji, na mlinzi wa getini. Mwandishi wa makala ile mwambieni simchukii, ila akihitaji picha ya pasipoti atafute studio nyingine. Binti yangu anawasalimu pia, kwa sababu anafikiri nawaandikia kuwashukuru.

Ni mimi, ninayesubiri masahihisho yenu nikiwa na begi langu begani,

Mpiga Picha za Pasipoti,
Mlango wa pili.

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Hakugomba. Alisahihisha herufi mbili, akaiweka lenzi mezani mbele yangu, akasema, "Chukua tu, mzee wangu, safari ni ya wote," akaenda barazani kukunja nguo. Nilikaa nayo kama mshindi kwa muda mfupi. Halafu nikaifunga kwenye kamera, nikaivuta hadi milimita mia nne, nikamwangalia kupitia dirishani. Nguo zilikuwa mapajani na hakuwa amekunja hata moja. Inaonyesha vizuri mno, lenzi hiyo, hakuna mlichokosea. Nimeirudisha kwenye mkoba wake mwenyewe na kumwambia ashike yeye, siku zote sita.

Basi msikanushe chochote. Badala yake, kama kuna nafasi ukurasani kabla ya tarehe kumi na nne, naomba mnijibu swali moja: mtu akiwa anapigwa picha, mikono anaiweka wapi? Wateja wangu wote huishia mabegani, kwa hiyo sikuwahi kuhitaji kujua.